Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere: Nani Anaua Ushindani katika Anga Letu?

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Kagera, alipata taarifa ya kifo cha baba yake siku ya Alhamisi mchana. Mazishi yalipangwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Wenzake wa darasani wakaanza kuchangishana, kama ilivyo desturi yetu, naye akawa anatazama nauli za ndege kwenye simu. Michango ilikamilika saa nne usiku. Fedha ile ilitosha nauli iliyokuwapo mchana; haikutosha nauli iliyokuwapo usiku. Ijumaa alfajiri akapanda basi Mbezi kwa safari ya kilomita zipatazo 1,400, na alipofika kijijini kwao jioni ya Jumamosi aliwakuta watu wakikunja maturubai.

Silitaji shirika ambalo nauli yake ilimshinda, kwa kuwa halikuvunja sheria yoyote. Bei ya kiti hupanda kadiri viti vinavyopungua. Ndivyo biashara hii inavyoendeshwa duniani kote. Nilimwandikia rambirambi. Alinishukuru, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: “Dokta, hivi hizi ndege zetu ni za nani?”

Kisheria jibu ni jepesi, na wepesi wake ndio unaotisha. Ndege ambazo Air Tanzania imekuwa ikizirusha tangu mwaka 2016 zilinunuliwa kwa fedha za umma, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, nao ukazikodisha kwa Kampuni ya Ndege Tanzania, yaani ATCL. Kampuni yenyewe ni mali ya Serikali. Viwanja vinavyotumiwa na mashirika yote viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, chombo cha Serikali. Leseni ya kila anayetaka kubeba abiria hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, chombo cha Serikali. Haki za kuruka kwenda nchi za nje hujadiliwa na Serikali. Kodi na tozo zilizomo ndani ya tiketi hupangwa na Serikali. Na wizara inayoitwa bungeni kueleza maendeleo ya ATCL ndiyo hiyohiyo inayoitwa kueleza utendaji wa TCAA. Mwenye timu ndiye mwenye uwanja, ndiye mwenye mpira, na ndiye aliyemwajiri mwamuzi.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Ushindani katika anga la Tanzania haujauawa na umiliki wa umma, na wala hautafufuliwa na ubinafsishaji. Unanyongwa na mrundikano huu wa kofia kichwani pa mtu mmoja. Madhali mrundikano huo unaendelea, abiria hatakuwa na mtetezi, mshindani hatakuwa na hakika ya kesho, na ATCL yenyewe haitapona.

Najua wasomaji wangu wanaoamini soko huria wameanza kupiga makofi. Naomba wasubiri, maana zamu yao inakuja.

Tuanze na historia, kwa kuwa vijana wengi ninaowafundisha hudhani kwamba mambo haya yalianza na Dreamliner. Kuanzia mwaka 1946 eneo letu lilikuwa na shirika moja, East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilikuwa na ndege za Super VC10 zilizofika Ulaya, na lilikuwa na karakana na marubani ambao nchi moja peke yake isingeweza kuwagharimia. Mwaka 1977 lilizama pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, katika ugomvi wa madeni na michango ambayo kila upande ulidai mwingine haukulipa. Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Tanzania ikaanzisha Shirika la Ndege Tanzania mwezi Machi mwaka uleule. Uganda nayo ikawa na lake, likaja kufilisiwa mwaka 2001 na kufufuliwa mwaka 2019. Nyumba moja ikagawanywa vyumba vitatu, na kila mwenye chumba akaweka kufuli. Makufuli yale hatujayafungua mpaka leo, nitayarudia.

Ilipofika miaka ya 1990, wimbi la ubinafsishaji lilileta ahadi kwamba mbia wa kigeni angeleta mtaji, nidhamu na ushindani. Kenya Airways iliuzwa mwaka 1996, KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26. Mwaka 2003 Kenya Airways nayo ikanunua asilimia 49 ya Precision Air, kampuni binafsi iliyoanzishwa Arusha mwaka 1993. Upande wa serikali, mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya shirika letu la taifa. Tafadhali, msomaji, hesabu nami. Katika muda wa takriban mwaka mmoja, karibu nusu ya shirika la umma ilikuwa mikononi mwa Johannesburg na karibu nusu ya mshindani wake mkuu wa ndani ilikuwa mikononi mwa Nairobi, huku Nairobi nayo ikiwa na mbia Amsterdam. Abiria aliyetoka Mwanza kwenda Ulaya angeweza kupanda ndege zenye nembo tatu tofauti na asijue kwamba kwa hisa zote ni za ukoo mmoja.

Hivi ndivyo muungano wa makampuni unavyofanyika katika sekta hii. Hauhitaji kubadilisha rangi ya mkia wa ndege. Sheria za nchi nyingi haziruhusu mgeni kumiliki shirika la ndege kwa wingi wa hisa, kwa hiyo hununuliwa asilimia 49, au hutiwa saini mkataba wa kuuziana viti, na mambo yakaenda kimyakimya. Ushindani hupungua bila bango lolote kushushwa.

Ndoa ya ATC na Waafrika Kusini ilivunjika mwaka 2006. Mbia hakuja kutujengea kituo cha safari Dar es Salaam. Alikuwa na kituo chake tayari, na mtu mwenye kisima hachimbi kingine kwa jirani ili ateke maji kidogo. Serikali ikalirudisha shirika likiwa dhaifu kuliko lilivyoondoka. Hilo ndilo somo ninalowaachia wapenzi wa soko huria: tuliuza, na kuuza hakukuleta ushindani.

Kisha, Novemba 2012, ikaja Fastjet. Ilianza na ndege za Airbus A319 kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Mwanza, na nauli yake ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Nakumbuka safari yangu ya kwanza ya Mwanza kwa ndege yao. Pembeni yangu aliketi mama mfanyabiashara wa dagaa ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Akaniuliza kama chakula ni cha bure. Nikamwambia si cha bure. Akacheka, akatoa vitumbua mkobani, tukala wote hadi Mwanza. Sijawahi kufundisha somo la tabaka na usafiri wa umma bila kumkumbuka mama yule. Kwa miaka michache watu wa aina yake walikuwa abiria wa ndege, na hawakuhitaji kuwa wabunge wala wataalamu wa miradi ya wafadhili.

Sitaki kuitukuza Fastjet. Ilipata hasara mwaka baada ya mwaka, na mwisho wake ulikuwa wa aibu: mwishoni mwa 2018 kampuni mama ilijitoa, na Desemba mwaka huo TCAA ikatoa notisi ya kusudio la kuifungia, ikitaja madeni na kukosekana kwa meneja anayewajibika kwa mujibu wa kanuni. Sina sababu ya kuzikataa sababu hizo. Mdhibiti anayeachia kampuni yenye madeni makubwa iendelee kuuza tiketi za miezi ijayo anawatendea abiria dhuluma.

Ila mwezi uleule wa Desemba 2018 ndipo Airbus A220-300 ya kwanza ya ATCL ilipotua Dar es Salaam kwa sherehe. Ilikuwa imetanguliwa na Bombardier Q400 mbili mwaka 2016 na Boeing 787-8 mwezi Julai 2018. ATCL nayo ilikuwa na madeni ya miaka mingi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeyasema hayo mara nyingi kiasi kwamba hayashangazi tena. Kwa hiyo tulikuwa na kampuni mbili zenye madeni katika soko moja, chini ya mdhibiti mmoja. Deni la kampuni binafsi likawa sababu ya kufungiwa. Deni la kampuni ya umma likawa sababu ya kuongezewa ndege. Huenda kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ulikuwa halali. Ukiitazama miwili kwa pamoja unaona kwa nini hakuna mwekezaji mwenye akili timamu, awe Mtanzania au mgeni, atakayeleta ndege kubwa kushindana katika njia ya Dar es Salaam na Mwanza. Kushindwa kibiashara ni hatari anayoweza kuikadiria. Kushindana na mtu ambaye hasara yake inalipwa na Hazina ni jambo lisilokadirika.

Na hasara zipo. Kwa mujibu wa ripoti hizohizo za ukaguzi, ATCL ilipata hasara ya takriban shilingi bilioni 35.2 mwaka wa fedha 2021/22, bilioni 56.6 mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Nitakuwa mwadilifu: si zote ni uzembe. Injini za Airbus A220 zimeyasumbua mashirika mengi duniani, na ndege zetu zilikaa chini kwa muda mrefu huku gharama zikiendelea. Gharama za ukodishaji nazo ni nzito. Lakini hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu linapouma zaidi. Anayelipa kodi ya ndege ni Serikali kupitia ATCL. Anayepokea kodi hiyo ni Serikali kupitia Wakala. Anayefidia upungufu ni Serikali kupitia bajeti. Fedha inatoka mfuko wa kushoto, inaingia mfuko wa kulia, na njiani inaandikwa kuwa hasara. Mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza akiniletea hesabu za namna hii nitamuuliza nani hasa anafanya biashara hapa, na bei halisi ya kiti cha kwenda Bukoba ni ipi. Hakuna anayeijua. Pasipo bei halisi hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba shirika la umma linawauzia wananchi kwa hasara kwa makusudi ili kuwasaidia, au linauza kwa hasara ili kumchosha mshindani, au linauza ghali na bado linapata hasara. Haya ni mambo matatu tofauti kabisa, na kila moja linadai sera yake.

Mrundikano wa kofia unamuumiza hata aliyezivaa. Agosti 2019 ndege yetu ilizuiwa Johannesburg kwa sababu ya madai ya mtu ambaye mali zake zilitaifishwa miaka ya 1980. Desemba 2022 nyingine ikazuiwa Uholanzi kutokana na mgogoro wa mwekezaji wa Kiswidi na mradi wa miwa wa Bagamoyo. Miwa na ndege vina uhusiano gani? Uhusiano ni kwamba ndege ilikuwa mali ya Serikali, na mdai wa Serikali hushika kinachoshikika. Kampuni ambayo mali zake zinaweza kukamatwa kwa sababu ya shamba ambalo haikulilima haiwezi kupanga ratiba ya safari kwa hakika.

Sasa nimgeukie mwamuzi. Desemba 2008 TCAA ilifanya jambo ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa wanapaswa kulikumbuka kwa heshima: iliiondolea ATCL cheti cha kuendesha safari kwa sababu za usalama. Shirika la taifa, lenye bendera mkiani, liliambiwa na chombo cha Serikali kwamba haliruki mpaka lirekebishe kasoro. Lilirekebisha, likarudishiwa cheti baada ya muda mfupi. Hakuna aliyeitwa msaliti. Linganisha na hali ya sasa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayaweka humo mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, kwa hoja kwamba usimamizi wa usalama nchini una upungufu mkubwa. Makampuni binafsi yaliyojitahidi kwa miaka mingi yakatiwa doa moja na mengine yote.

Naona mitandaoni watu wakisema kwamba hiyo ni njama ya mabeberu. Mimi si mgeni katika kuwashuku Wazungu. Nimeandika sana juu ya hilo na sijutii. Lakini ukimjibu mkaguzi kwa kumtukana utakuwa umekwepa swali. Kama tunataka kuwakatalia Wazungu, tuwe na mdhibiti ambaye sisi wenyewe tunaamini anaweza kumwambia waziri wake “hapana” siku ya Jumatatu na Jumanne akawa bado yuko kazini. Mwaka 2008 alikuwapo.

Wapo wanaosema kwamba ushindani si hoja kwa nchi maskini, kwamba shirika la taifa linakwenda mahali ambapo mfanyabiashara binafsi hataki kwenda. Hoja hii ina uzito na siikwepi. ATCL inatua Songea, Tabora na Kigoma, na mgonjwa wa Songea anayehitaji kufika Muhimbili hajali taarifa ya faida na hasara. Basi tuiseme huduma hiyo kwa jina lake: ni ruzuku ya umma kwa miji ya pembezoni, na inastahili. Nchi za Ulaya hufanya hivyo kwa visiwa vyao vya mbali. Zinataja njia, zinataja kiwango cha nauli na idadi ya safari kwa wiki, kisha zinaitisha zabuni, na yeyote anayeomba ruzuku ndogo zaidi anapewa kazi kwa muda maalumu. ATCL ikishinda zabuni ya Songea, vema. Precision Air ikishinda, vema pia. Mwananchi atajua amelipa kiasi gani kwa ajili ya Songea. Tunachofanya sasa ni kuchanganya Songea na Guangzhou katika chungu kimoja, kisha kila anayeuliza kuhusu Guangzhou anajibiwa kwa mgonjwa wa Songea.

Sasa ile zamu niliyoiahidi. Wapo wenzangu, hasa wa idara za uchumi, watakaosema dawa ni kuuza ATCL na kuondoa kanuni zote, kama Marekani. Marekani iliondoa udhibiti wa nauli na njia kwa sheria ya mwaka 1978, na kwa miaka kadhaa makampuni mapya yalichipua na nauli zikashuka. Kisha yakaanza kulana. Delta ilimeza Northwest mwaka 2008, United ikaungana na Continental mwaka 2010, Southwest ikachukua AirTran mwaka 2011, American na US Airways zikaungana mwaka 2013. Leo makampuni manne yanashika takriban asilimia 80 ya soko la ndani la nchi ile. Januari 2024 mahakama ya Boston ilizuia JetBlue isiinunue Spirit, kampuni ya nauli nafuu, kwa sababu wanyonge wangeumia. Novemba mwaka huohuo Spirit ikaomba kinga ya mufilisi. Kwa hiyo hata palipo na mahakama zenye meno na waendesha mashtaka wenye bajeti, soko likiachwa lijiendeshe huishia mikononi mwa wachache. Je, sisi wenye Tume ya Ushindani ambayo wananchi wengi wanaijua kwa kuchoma bidhaa bandia tutaweza?

Na umiliki wa umma peke yake haulazimishi kufeli. Ethiopian Airlines ni mali ya serikali tangu ilipoanzishwa mwaka 1945. Ilipita mikononi mwa mfalme, ikapita mikononi mwa wanajeshi, ikafika kwa hawa wa sasa, na kwa sehemu kubwa iliachwa iendeshwe na watu wa ndege. Sasa ndiyo inayonunua hisa za wengine: ipo Lomé kupitia ASKY, ipo Lilongwe, ipo Lusaka. Si malaika. Mkusanyiko wa nguvu katika bara letu unaweza kuvaa vazi la Addis Ababa kama ulivyowahi kuvaa la Amsterdam, na itabidi tuuhoji vilevile. Ila inathibitisha kwamba swali la “umma au binafsi” tumelipigia kelele bure kwa miaka thelathini.

Nilisema nitayarudia makufuli ya mwaka 1977. Sekta hii ina kitu kinachoitwa uhuru wa anga, unaohesabiwa kwa namba. Uhuru wa tatu na wa nne ni haki ya kubeba abiria kutoka kwenu kwenda nchi nyingine na kuwarudisha. Uhuru wa tano ni haki ya kuchukua abiria au mzigo katika nchi hiyo ya pili na kuupeleka ya tatu. Januari 2024 Kenya iliinyima ATCL uhuru wa tano kwa ndege yake ya mizigo iliyotaka kupakia Nairobi. Sisi tukajibu kwa kutangaza kwamba Kenya Airways isingeruhusiwa kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22 ya mwezi ule. Mawaziri wakapigiana simu, jambo likaisha kabla ya tarehe kufika. Wengi walifurahi. Mimi nilisikitika, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba haki ya mfanyabiashara wa Kariakoo kusafiri kwenda mji ulio chini ya kilomita 700 ni chambo tu cha kuvulia samaki wa serikali mbili. Hakuna abiria aliyeulizwa kitu.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 una ibara nzima, ya 92, kuhusu ushirikiano katika usafiri wa anga. Mwaka huohuo wa 1999 mawaziri wa Afrika walikubaliana Yamoussoukro kufungua anga la bara. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga kwa nchi 23. Kenya na Rwanda zilikuwamo, sisi hatukuwamo. Jumuiya yetu ina wakala wake wa usalama wa anga, wenye makao Entebbe, kwa hiyo tumekubaliana jinsi ndege inavyopaswa kukaguliwa lakini hatujakubaliana iruhusiwe kwenda wapi. Kila serikali inalinda shirika lake. Kenya inamiliki asilimia 48.9 ya Kenya Airways tangu marekebisho ya mwaka 2017, Uganda ina lake, Rwanda ina lake, sisi tuna letu, na yote yanagombania abiria walewale wachache huku yakizuiana milangoni. Ukitaka kuona ushindani wa kweli kati ya Dar es Salaam na Entebbe, ruhusu RwandAir, Kenya Airways, Uganda Airlines, Precision na ATCL zote ziruke njia hiyo kwa idadi ya safari zinayoitaka, na uone nani atabaki na nauli ya sasa.

Wizara itasema kwamba tukifungua leo ATCL itakufa. Huenda. Lakini hoja hiyo ilitolewa mwaka 1977, ikatolewa mwaka 2002, ikatolewa mwaka 2016, na mtoto anayelindwa kwa miaka karibu hamsini si mtoto tena.

Ninayotaka si mapinduzi. Hisa za ATCL zishikwe na kusimamiwa na Msajili wa Hazina, na Wizara ya Uchukuzi ivuliwe kabisa mamlaka juu ya uteuzi na mipango ya kampuni; ibaki na sera na mdhibiti. Mkuu wa TCAA apewe muda wa utumishi usiovunjwa ila kwa sababu zilizoandikwa kisheria. Masharti ya ukodishaji wa ndege za umma yachapishwe, ili bei halisi ya kiti ijulikane. Njia za pembezoni ziende kwa zabuni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inazigusa hata taasisi za umma pale zinapofanya biashara, na maamuzi ya TCAA yanaweza kukatiwa rufaa mbele ya Baraza la Ushindani. Ningependa kuona mwanasheria kijana mmoja, mmoja tu kati ya mamia tunaowahitimisha kila mwaka, akiipeleka hoja hii pale. Na wabunge wa Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, watakapoletewa tena hesabu za ATCL, wasiulize tu hasara imetoka wapi. Waulize ni maombi mangapi ya makampuni binafsi ya kuruka njia kubwa yamepokelewa, mangapi yamekubaliwa, na yaliyokataliwa yalikataliwa kwa maneno gani.

Mwanafunzi wangu aliwasilisha tasnifu yake mwezi uliopita. Siku ya kurudi nyumbani kufanya arobaini ya marehemu, iliyocheleweshwa ili amalize masomo, alipita ofisini kuniaga. Nikamuuliza kama safari hii amepata ndege. Akanionyesha tiketi ya basi, kiti cha dirishani.